Waliobatizwa Joshoni

Zagayu, Bariadi
12 Novemba 1995

Dada Domi,

Mwangaluka huko kwenye baridi! Mayu anakusalimia sana, anauliza kama wajukuu zake wa Mbeya wanaoga au mnawapangusa tu na kitambaa. Hapa wazima. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa dume, jeusi tii. Mguu wa Mayu unavimba jioni lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapalilia, wewe? Mimi nacheka, nachukua jembe.

Pamba mwaka huu tumewauzia watu binafsi. Wamekuja na lori lao na mizani yao, wanapima barabarani, fedha taslimu hapo hapo. Wengine wamecheka, wengine wanasema mizani ile imekunywa pombe. Chama cha msingi cha ushirika kimekufa, dada. Ghala lote lile limebaki na popo na karani mmoja, Mahona, unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa anaandika magunia. Anakwenda kazini kila asubuhi, anafungua mlango, anakaa, jioni anafunga.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimetoka parokia. Kwaya nimeiacha, ufunguo wa kinanda nimemrudishia katekista mkononi. Nimeanzisha kanisa! Tunaitwa Kanisa la Maji Mengi na tunasali mle mle ghalani. Mahona ametufungulia mlango, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuokoka, alisema amechoka kulinda popo. Dada, ungesikia sauti inavyorudi kwenye yale mabati! Ukisema neno moja yanarudi matatu. Mimi nahubiri, wewe unanijua, darasa la saba tu, lakini nimesoma kozi zote za Biblia za posta, ile ya Kenya na ile ya Arusha, usiku na mchana, na kila nikisoma kichwa kinawaka kama karabai. Siwezi tena kukaa benchi la nyuma nangoja padre aje mara moja kwa mwezi na gari bovu.

Kuna Ng'washi, yule mjane wa ng'ambo ya mto, na binti yake Veronica anayeimba kama chiriku. Kuna mzee Mayige, mlevi wa gongo, ameacha! Wiki ya tatu hii hajagusa.

Aliyebaki ni Mayu. Jumapili anapita mbele ya ghala na rozari yake, hageuki. Watu wanauliza, mchungaji gani huyu, mama yake anampita? Mwandikie, dada. Wewe anakusikiliza. Nataka aingie kwenye maji mzima mzima kama watu wote, asife na ule ubatizo wa kikombe.

Msalimie shemeji Fredrick, na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanda

*

Mbeya
9 Desemba 1995

Mdogo wangu Nyanda, au niseme Mchungaji,

Barua imefika, imechanika pembeni lakini imefika. Tunakusalimia wote. Wajukuu wa Mayu wanaoga, mwambie, Jumamosi kwa Jumamosi kama Wakristo. Fredrick amepunguzwa kazi tangu Julai, kiwanda kimeuzwa, mwenye kununua amekuja na watu wake. Anashinda nyumbani anarekebisha redio ambayo haina ubovu. Mimi wodini, kazi ni ile ile.

Nimecheka hadi nikakohoa. Wewe mchungaji? Wewe uliyejificha kwenye pipa la mtama usiende kuungama? Haya. Sina ugomvi na wewe kusali ghalani. Mungu hajali popo.

Ila Mayu mwache. Alibatizwa akiwa msichana, akatembea kwa miguu kutwa nzima kwenda kubatizwa, na baba yake alimchapa aliporudi. Huo siyo ubatizo wa kikombe. Usimfanye awe tangazo la kanisa lako ili watu wasikucheke. Simwandikii.

Halafu niambie, maji mengi Zagayu mtayatoa wapi? Mto wenu ninaoujua mimi ni mchanga.

Kula vizuri. Ukihubiri unasahau kula.

Dada yako,
Domitila

*

Zagayu
2 Januari 1996

Dada Domi, dada Domi!

Heri ya mwaka! Mayu mzima, ndama mzima, mvua zimekuja, mahindi yamefika magotini. Pole na shemeji, mwambie aje huku tulime dengu.

Maji! Umeuliza maji. Sikia. Tulikwenda kwanza lamboni, wafugaji wakatufukuza. Mmoja akasema, "Mkiogea dhambi zenu humu, ng'ombe wetu watakunywa nini?" Watu walicheka mpaka na mimi nikacheka, lakini kurudi nyumbani nilikuwa na hasira hiyo! Mto nao unaujua, mvua ikinyesha unakuja kama lori lililokatika breki, ukimaliza ni mchanga tena. Watu wananingoja, wa kijiji cha Shishiyu wamekwisha kubatizana, wanatucheka, na sisi bado tunaimba tu.

Nikatembea. Nikapita nyuma ya shule. Nikaliona josho.

Lile lile, uliloniambia nikiwa mkaidi utanitumbukiza. Dada, nilisimama pale machozi yakanitoka, kwa sababu limejengwa kama kwa ajili yetu! Refu, lina kina cha mtu, kuta za saruji. Upande huu kuna kile kichochoro cha nguzo ng'ombe wanapitia mmoja mmoja, hakuna kurudi nyuma. Unaruka, unazama mzima, unatokea upande wa pili kwenye ngazi. Unaingia mtu wa kale, unatoka mtu mpya! Na ule uwanja wa sementi ng'ombe wanaposimama kuchuruzika maji, hapo ndipo watu wataimba. Nani mwingine ana kitu kama hiki? Mwanza hawana.

Najua utasema dawa. Dada, dawa ilikwisha zamani! Tangu serikali iache kuleta, kila mtu ananyunyizia ng'ombe wake na bomba lake, josho limekaa kavu miaka na miaka. Vijana walifagia, wakakwangua. Chini kuna tope limekauka gumu kama saruji, tukaliacha liwe sakafu. Mvua mbili tu, likajaa.

Tumebatiza siku ya pili ya Krismasi. Mahona alisimama kwenye kichochoro anawaruhusu mmoja mmoja, mimi nipo kwenye ngazi, maji kiunoni, napokea, nazamisha, nasukuma juu. Tope lilifumuka kidogo, maji yakawa kama chai, nani anajali? Na walipokuwa uwanjani wanaimba, dada, sikudanganyi, mzee Mayige akaanza kutetemeka. Mikono kwanza, halafu mwili wote. Akaanguka. Povu mdomoni! Akasema maneno hayana lugha. Kabla hatujamfikia, mwingine. Na mwingine. Wengine wakatapika, tukajua mapepo yanatoka. Zaidi ya nusu walianguka siku ile! Mimi ambaye nilikuwa naomba tu mvua isininyeshee, nimepewa hiyo! Wale ambao hawakutetemeka walikuja wanalia wanaomba watumbukizwe tena.

Mimi sikuanguka. Kichwa kiliniuma tu na tumbo kidogo, nadhani ni kupiga kelele bila kula, kama unavyosema.

Sasa habari kubwa. Mayu alikuja! Alisimama nje ya uzio na rozari yake, akaangalia mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi akaniambia, "Nyanda, miaka yote hii mimi ninasali. Sijawahi kutetemeka hata kidole." Ataingia Pasaka, dada. Amesema mwenyewe, sikumlazimisha!

Ni mimi mwenye furaha,
Nyanda

*

Mbeya
21 Januari 1996

Nyanda,

Mwadila. Salamu utawapa mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nimetuma telegramu Bariadi kabla sijaketi. Hii inakuja nyuma yake.

Ilikuwa mwaka juzi, waliniletea wodini kijana wa Usangu aliyetumbukia joshoni akisukuma ndama. Aliyameza maji mara mbili tatu. Alianza mikono, halafu mwili wote. Povu. Alitapika. Alisema maneno hayana lugha. Tulimfunga shuka kitandani asijivunje. Daktari alituambia ile dawa ya kupe haiishi kwa kukauka. Inalala kwenye tope. Inangoja maji. Ninyi mmelifanya sakafu, mkalikanyaga watu wote mkalifumua, mkawazamisha watu vichwa.

Hayo siyo mapepo. Siyo Roho. Sikutukani, nakuambia nilichokishika kwa mikono yangu.

Niambie nani ameumwa tangu siku ile. Majina. Niambie kuhusu watoto. Umeandika kila kitu kuhusu siku ile mpaka rangi ya maji, na jioni yake hukuiandika.

Mayu asiingie. Mnataka maji mengi, chimbeni. Mayu asiingie mle.

Domitila

*

Zagayu
25 Februari 1996

Kwako dada Domitila,

Hapa hatujambo. Mayu hajambo. Ndama anakua. Mvua nzuri.

Telegramu yako ilifika kabla ya barua. Mahona ndiye aliyekwenda posta, akaisoma kanisani kabla mimi sijaiona. JOSHO SUMU ACHA KUBATIZA. Watu walicheka kwanza. Halafu Mahona akauliza, "Nani amemwambia wa Mbeya habari za josho?" Wakageuka wote kunitazama. Nilijisikia kama mwizi wa kuku. Ikabidi nisimame niseme ni dada yangu, Mkatoliki, anafanya kazi hospitali, hajui mambo ya rohoni. Umefurahi?

Unataka kuniambia Roho Mtakatifu ni dawa ya kupe? Mimi nilikuwepo! Nimewaona watu waliochukiana miaka wakikumbatiana wanalia. Mzee Mayige hajarudi kwenye gongo mpaka leo. Mkono wake mmoja haujatulia tangu siku ile, hata kikombe hashiki, na hata kwa hilo tunashukuru, kila akiuona anakumbuka. Hiyo ni sumu? Mbona mimi nilikaa majini kuliko wote na niko hapa nakuandikia? Nyie wa hospitali mnaona ugonjwa kila mahali. Mnauza dawa.

Umeuliza watoto. Veronica wa Ng'washi amelala. Ilikuwa degedege, homa, mbu mwaka huu ni wengi kila mtu anajua. Tulimzika vizuri, tuliimba. Ng'washi amesimama imara kuliko mimi. Anasema binti yake alikwenda akiwa safi.

Kanisa limejaa hadi nje. Wanakuja kutoka Shishiyu, wale wale waliotucheka.

Pasaka ni tarehe saba Aprili. Mayu ameshonesha gauni jeupe. Usiniandikie tena habari za josho, tuandikiane mambo ya nyumbani.

Nyanda

*

Mbeya
17 Machi 1996

Nyanda mdogo wangu,

Mwangaluka. Watoto hawajambo, mdogo ameota meno mawili. Fredrick anakusalimia, amepata kibarua cha kupakia mkaa.

Nimeandika barua nyingine tatu nikazichana, zote zilikuwa za matusi. Hii itakuwa fupi.

Hukusema Veronica alikufa siku gani.

Sitakuuliza tena. Ningepanda basi nije nimshike Mayu kwa nguvu, lakini siwezi kuja, na sababu naiacha.

Nakuomba kitu kimoja, hakikugharimu. Mvua zipo. Zagayu mvua ikinyesha vyura wanapiga kelele mpaka mtu hasikii redio, kwenye lambo, kwenye madimbwi, hata kwenye nyayo za ng'ombe. Nenda joshoni jioni moja. Peke yako, bila Mahona, bila kuimba. Kaa usikilize.

Halafu fanya utakavyoona.

Dada yako

*

Zagayu
14 Aprili 1996

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Mayu hayupo. Najua telegramu imekufikia, katekista aliniambia ameituma. Nakuandikia ilivyokuwa, yote, kwa mpango, nikiruka nitashindwa kurudi.

Barua yako ya vyura ilifika Alhamisi Kuu. Niliisoma nikacheka, nikasema dada amefikia kwenye vyura sasa. Jioni mvua ikanyesha, ikaacha. Nikatoka. Dada, lambo lilikuwa linapiga kelele masikio yanaziba. Barabarani kelele. Shuleni, kwenye shimo walilochimba watoto, kelele. Nikafika joshoni, kimya. Nikakaa kwenye ile ngazi. Nilikaa mpaka nikaanza kuwaomba. Nikasema hata mmoja tu. Maji yalikuwa yametulia, wadudu wanaelea juu, na ndege mdogo amelala ubavu. Hapo nikajua. Nadhani nilijua tangu siku ya kwanza. Veronica alikufa siku ile ile ya pili ya Krismasi, kabla jua halijazama, akiwa na nywele mbichi. Barua ile ya furaha nilikuandikia nikiwa nimeshamzika.

Ijumaa Kuu nikawaambia. Ghala limejaa. Nikasema, "Ndugu zangu, josho lina sumu. Tulikosea. Hatubatizi Jumapili." Mahona akasimama, taratibu, kama alivyokuwa anasimama kusoma mizani.

"Mchungaji, tuliambiwa jaribu litakuja kabla ya Pasaka. Limekuja kwa mdomo wa dada yako."

"Mahona, wewe ulikuwa karani. Umeshika dawa za pamba na dawa za ng'ombe, harufu unaijua."

"Harufu ipo. Na zizi alilozaliwa Bwana lilinukia manukato?"

Watu wakapiga vigelegele. Mzee Mayige akainua ule mkono wake unaotetemeka, akauonesha huku na huku, vigelegele vikazidi. Nikapiga kelele, nikasema vyura, wakacheka, mtu nyuma akasema, "Mchungaji sasa anaongozwa na chura!"

Halafu Ng'washi akaja mbele. Hakupiga kelele. Alisema, "Veronica aliniuliza pale kwenye kichochoro, mama, maji ni ya baridi? Akaogopa kuruka. Nikamsukuma mimi. Kwa mkono huu. Sasa Mchungaji, sema tena ulivyosema. Sema mbele yangu."

Dada, nilifungua mdomo. Alikuwa ananitazama machoni. Ningesema, ningekuwa nimemwambia amemuua mwanae, mbele ya watu wote, yeye aliyeimba kaburini. Nikasema, "Labda nimekosea, Ng'washi."

Basi. Hiyo labda ndiyo ilimaliza kila kitu. Mahona akaanzisha wimbo.

Nikakimbia nyumbani. Mayu anachambua mlenda. Nikapiga magoti, nikamsimulia ya ghalani yote, nikamwambia usiingie, Mayu, nimekosea, ni sumu. Akasema, "Juzi Roho, asubuhi sumu, mchana labda. Nimsikilize Nyanda yupi?" Nikamwambia huyu wa sasa. Akasema, "Mimi siingii kwa ajili yako, mwanangu. Wewe unaweza kusahau ulichokiona. Mimi nilikiona na siwezi." Akaendelea na mlenda wake.

Jumamosi alfajiri nikachukua baiskeli kwenda Bariadi. Nilimkuta bwana mifugo mmoja nyumbani kwake, ofisi zimefungwa kwa sikukuu. Alinisikiliza amesimama mlangoni na kikombe. Akasema majosho yamekwisha kurudishwa kwa vijiji, siku hizi kila mtu na lake, niandike barua nipitishie kwa mtendaji, nilete Jumanne. Nikamwambia watu watakufa kesho. Akasema, "Kijana, mbona wewe ndiye uliyewaingiza?" Alikuwa amesikia. Bariadi yote imesikia, wanatusifu.

Kurudi, mto ulikuwa umekuja. Sikuvuka. Nililala ng'ambo kwenye banda la mtu, nikasikia maji yanapita tu. Asubuhi yalipopungua nilivuka yakiwa kifuani, baiskeli kichwani. Nikiwa bado nje ya kijiji nikasikia wanaimba.

Nilimkuta uwanjani, kwenye sementi, na gauni lake jeupe limekuwa la rangi ya chai. Alikuwa anacheka, dada! Akasema, "Umechelewa, nimeingia." Nikamtia kidole mdomoni atapike, Mahona na vijana wakanivuta, wakasema Mchungaji ameingiwa na pepo. Nikawaambia tumpeleke hospitali. Mto ule, baiskeli ile, na watu wote wale mbele yangu. Jua lilipopanda akaanza mikono.

Nilimshika mimi mpaka mwisho. Alisema maneno machache. Alikwenda alasiri.

Tumemzika pembeni ya baba. Kanisa lote lilikuja, na watu wa Mwanhuzi ambao sijawahi kuwaona. Walicheza. Wanasema hakuna aliyewahi kufa vizuri hivyo hapa Zagayu. Katekista alikuja, akasimama mbali mlangoni pa zizi, akasali ya kwake, akaondoka bila kunipa mkono.

Wanataka nirudi kuongoza. Wanasema Roho amechukua mama yangu mwenyewe, hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini niandikie.

Nyanda

*

Mbeya
5 Mei 1996

Nyanda,

Mwadila.

Telegramu ya katekista ilifika Mayu akiwa ameshazikwa. Barua yako ilikuja baadaye. Nimeisoma mara moja. Siisomi tena.

Nilikuambia kuna sababu sikuweza kuja. Mimi wodini sipo tangu Septemba. Walitupunguza siku moja, wahudumu wote wa zamani. Nauza vitumbua kituo cha mabasi. Kila siku nilikuwa natazama basi la kwenda huko likijaza watu, na sikuwa na nauli, na sikutaka mjue, kwa sababu Mayu alikuwa anajisifu kwa majirani kwamba binti yake anavaa nguo nyeupe za hospitali. Ningesema, labda mngenichangia. Labda ningefika. Na mimi nina labda yangu.

Sikulaumu kwa mto. Sikulaumu hata kwa Ng'washi. Mimi pia nisingeweza.

Lakini umeandika kila kitu, mpaka kikombe cha bwana mifugo, na mahali pamoja umeruka, kama ulivyoruka jioni ya Veronica. "Alisema maneno machache." Yapi? Mimi ni mtoto wake. Nilikuwa mtoto wake kabla yako.

Niandikie hayo, usipambe.

Domitila

*

Zagayu
27 Mei 1996

Dada Domi,

Mwangaluka. Hapa tunavuna dengu. Ndama nimemuuza. Nyumba ya Mayu naifagia kila asubuhi.

Umeuliza, nakujibu.

Alikuwa ananitetemekea mikononi, ile hali ikamwachia kidogo. Akanitafuta kwa macho. Watu walikuwa wametuzunguka, wakaacha kuimba ili wamsikie. Akaniuliza, "Nyanda, ndiye?"

Nilijua anauliza kama ni Roho. Na nilijua jibu, dada, nilikuwa nimetoka nalo Bariadi, nimevuka nalo mto. Ningemwambia nini? Hapana Mayu, ni dawa ya kupe? Anakufa, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nina homa. Nikamwambia, "Ndiye, Mayu. Ndiye mwenyewe."

Akasema, "Basi sawa. Domitila asilie." Akanishika kidevu. Halafu ikarudi, haikumwachia tena.

Wakaanza kuimba. Niliimba nao. Nilitaka asikie sauti yangu.

Ndiyo hayo.

Jana ilikuwa Pentekoste. Wiki nzima nimebeba mawe kulijaza josho, jioni vijana wananipita wanayatoa, hawanitukani, wananisalimia kwa adabu. Jana asubuhi nilisimama kwenye kichochoro, nikakifunga kwa mwili wangu. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Wa mbele alikuwa mama wa Mwanhuzi, na mtoto mgongoni. Nikamwambia, mama, rudi, maji haya yanaua. Akanitazama vizuri.

"Wewe si ndiye mchungaji? Uliyemwambia mama yako?"

Nikasema ndiye mimi, lakini. Akapita kati ya nguzo, akanizunguka. Hakungoja nimalize.

Mahona alihubiri kabla hawajaanza kuingia. Alisimama juu ya ule ukuta, akawasimulia Mayu alivyouliza na mimi nilivyojibu, mbele ya mashahidi, maneno yale yale, na sauti ile ile. Nilisikiliza kama atakosea mahali niweze kumkatiza.

Hakuongeza hata neno.

Ni mimi,
Nyanda